Senene za Ng'ambo ya Ngono

Ng'ambo ya Ngono, upande wa Muleba
11 Novemba 1951

Kwa mke wangu mpenzi Kokuhirwa, ua la moyo wangu,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima pamoja na watoto. Mimi ni mzima. Kazi ya kuezeka shule ya katekista ilikuwa inakwenda vizuri mpaka juzi, dhoruba ilipotoka ziwani mchana, ikang'oa paa tulilokwisha kuliweka na kulitupa kwenye mibuni ya watu. Kesho yake mto Ngono ukajaa. Mafunjo yaliyong'oka huko juu yalishuka yameshikana, makubwa kama kisiwa, yakajibana kwenye nguzo za daraja. Maji yakapanda nyuma yake, na daraja likaenda, na ng'ombe waliokuwa wakivushwa wakaenda nalo. Watu wa bondeni wamehamia kanisani na kuku wao.

Siwezi kurudi mpaka maji yapungue. Banda nililokuwa nalala limebomoka, lakini nimepata hifadhi katika nyumba ya watu wema, juu mlimani, maji hayafiki. Usiwe na wasiwasi. Kila mbingu inaponguruma nalitaja jina lako.

Datius wa mtumbwi anasema ataweza kuvusha barua pale mto ulipo mwembamba.

Mumeo,
Karugendo


Kashozi
16 Novemba 1951

Karugendo, mume wangu,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama. Nikaketi, nikaisoma tena, nikacheka, halafu kicheko kikaniishia.

Wewe hujui kuandika. Siku ya ndoa yetu padri alikushika mkono ukachora msalaba kitabuni, na hata huo ulikwenda upande. Basi nani kaandika? Usiniambie katekista. Mwandiko wa katekista wenu naujua, ni kama kuku aliyepita kwenye majivu. Huu wa sasa ni mwandiko wa masista, herufi zimenyooka, mikia imekunjwa yote kushoto. Mimi mwenyewe nilipigwa rula za vidole hapa Kashozi mpaka nikaujua. Aliyeandika ni mwanamke, tena aliyesoma, tena hakuwa na haraka.

Na lini uliniita ua? Tangu unioe unaniita "wewe", na siku ukifurahi sana, "mama Immakulata". Leo mto umejaa, nimekuwa ua! Na hao watu wema wa mlimani, ni wangapi? Wana ndevu?

Hapa nako dhoruba imepita. Migomba ya nyuma ya nyumba imelala yote, mvua ya mawe imepukutisha kahawa changa. Iliyobaki nimeiegemeza kwa miti mimi mwenyewe, matope yakinifika magotini, wakati mume wangu kakaa pakavu analitaja jina langu.

Lakini senene wameanguka. Mimi na Immakulata tumewakamata asubuhi kabla umande haujakauka, nimewanyonyoa mabawa na miguu, nimewakaanga kwa chumvi. Nimewafunga kwenye jani la mgomba na kumkabidhi Datius pamoja na barua hii. Desturi yetu huhitaji kukumbushwa. Mke huleta senene na yeye hagusi. Mume hula, na akishakula hutoa nguo. Mwaka jana ulinipa gauni la maua mekundu. Mwaka huu nataka la buluu.

Kula, halafu uniambie jina la mwandishi wako.

Mkeo,
Kokuhirwa


Ng'ambo ya Ngono
24 Novemba 1951

Kwa Mama Immakulata, waitu, kwa heshima,

Salamu nyingi. Mumeo ameniambia niandike kwamba anayeandika ni mzee mmoja wa kanisani asiye na meno. Nimemwambia meno ninayo. Uongo wa kunizeesha siupendi, kwa hiyo leo naandika kwa jina langu.

Mimi naitwa Klaudia. Nilisoma kwa masista, kama ulivyoona, una macho makali. Mume wangu alifariki mwaka juzi. Hakuniachia mtoto, aliniachia kibanja hiki cha migomba na kahawa na nyumba ya bati, na kwa kuwa ni nyumba ya bati na iko juu, katekista alimleta fundi hapa siku banda lilipobomoka. Analala chumba cha mbele, na mlango wa kati nafunga mimi. Nadhani hilo ndilo ulilotaka kujua.

Sasa naandika maneno yake kama anavyoyasema, huku anapiga randa ubao. Anasema maji hayajapungua, jana yamepanda tena mpaka kwenye nyumba za chini. Anasema migomba usiiegemeze kwa miti mibichi, itaota mizizi ikunyonyee shamba, tafuta mikavu yenye panda. Anasema mwambie Immakulata asiende mtoni. Anasema senene zako zimefika, ni tamu sana, amekula zote Jumapili baada ya ibada mbele ya wageni. Nguo ya buluu ataitafuta Bukoba mjini akirudi.

Hayo ni yake. Langu ni hili moja tu. Fundi huyu akianza kusema habari zako hanyamazi. Najua mpaka namna unavyomenya ndizi.

Ni mimi,
Klaudia


Kashozi
30 Novemba 1951

Klaudia,

Barua yako ilipofika nilifurahi. Naona haya kukuambia, lakini nilifurahi. Nilisema moyoni, huyu mama ni mkweli, kanijia kwa jina lake, hata mlango wa kati kanitajia. Nilikuwa nakutafutia maneno mazuri ya kukujibu.

Leo Datius amefika hapa kwa miguu, amekonda, alikuwa kitandani na homa tangu siku ile nilipomkabidhi mzigo. Barua yangu alimpa tarishi wa serikali aliyekuwa anavuka. Tarishi aliipokea barua, chakula akakikataa, akasema mtumbwi wa kazi haubebi vyungu vya watu. Kifurushi changu kilibaki nyumbani kwa Datius. Kiko hapa mbele yangu, kamba yangu, fundo langu, na senene zangu ndani zimeoza.

Nieleze basi. Jumapili baada ya ibada, mbele ya wageni, mume wangu alikula senene za nani?

Wewe si ndiye usiyependa uongo? Kumbe unaopenda ni ule unaokuletea mume. Mwanamke haweki senene mbele ya mwanamume asiye wake, huku Kashozi na huko Muleba ni mila moja, na wewe si mtoto. Ulikaa mezani ukaandika kwa mkono wako mzuri, "senene zako zimefika". Mwizi mwenye mwandiko wa masista!

Na kinachoniuma zaidi utacheka ukikisikia. Nikitaka kumgombeza mume wangu lazima nipite kwako. Nikimwita mjinga, ni kinywa chako kitakachomwita mjinga. Akinijibu, jibu linapita mkononi mwako, na sijui umeongeza nini na umepunguza nini. Mume ni wangu, na sina hata neno moja lake nililo na hakika nalo.

Msomee barua hii. Usiruke mstari.

Kokuhirwa


Ng'ambo ya Ngono
5 Desemba 1951

Kwa Mama Immakulata,

Nimemsomea. Sikuruka mstari, hata pale uliponiita mwizi, na hapo nilisoma kwa sauti zaidi. Kisha akachukua msumeno wake na blanketi, akahamia shuleni, chini ya nusu ya paa, na mvua hii. Umefurahi?

Senene zilikuwa zangu. Nilimwambia zimetoka kwako, naye akala kwa furaha, maskini, akawa anawaonyesha wageni, "Mke wangu huyo!" Wageni walimwelewa vingine, maana waliniona mimi natoka jikoni na bakuli. Nilitaka wanielewe hivyo.

Sasa sikiliza kwa nini, halafu nitukane tena ukipenda. Shemeji yangu Mwijage kibanja chake kiko bondeni. Kibanja hicho leo ni ziwa. Alipoona maji hayaondoki akakumbuka kwamba kaka yake aliacha mjane, na mjane anakaa mlimani. Kabla ya mafuriko hata salamu yangu alikuwa haipokei. Sasa anakuja na wazee, anasema sina mtoto, sina mume, kibanja ni cha ukoo, na mimi nimo ndani yake kama jembe na panga. Ana wake wawili na wote wana alama za fimbo yake. Jumapili ile walikuja kunipangia siku ya kurithiwa. Nikamwona fundi amekaa pale kibarazani, mtu mzima, mtu wa mbali, anaheshimiwa. Nikaenda jikoni.

Mwijage alipomwona anakula aliinuka, akaondoka. Tangu hapo sijaguswa. Lakini sasa wanangoja nguo. Nguo isipotoka watasema bakuli lilikuwa mchezo.

Na lile neno la ua, ndiyo, ni langu. Yeye alisema tu, "Mwandikie mke wangu kwamba ni mzima." Niliona ni maneno machache kwa mtu wa mbali. Niliandika ninavyotamani mtu aniandikie mimi.

Msamaha siombi, kwa sababu ningekuwa pale tena ningefanya vilevile. Naomba ruhusa. Mwambie anipe nguo, hata kitambaa cha kaniki tu. Huko kwenu hakuna atakayejua.

Klaudia


Shuleni
6 Desemba 1951

Mama Immakulata,

Katekista ananiandikia, utaona mwandiko. Nilidhani senene ni zako. Zilizidi chumvi kama zako.

Mkungu, mkuu wa kijiji hiki, ameitisha shauri kwa ajili ya kibanja cha huyu mama. Nimeambiwa nitoe nguo, au nisimame niseme nilikula kwa makosa. Nikisema hivyo, Mwijage atamchukua siku hiyohiyo. Nikitoa nguo nitakuwa nimeoa mke wa pili, padri atanifukuza kanisani na wewe utanifukuza nyumbani.

Mimi ni mtu wa mbao. Nifanyeje?

Karugendo


Kashozi
10 Desemba 1951

Kwa Karugendo, na kwa Klaudia, maana najua mtasomeana,

Karugendo, usitoe nguo. Usitoe hata leso. Na usisimame kusema kitu, wewe ukisimama kusema huwa unaharibu. Mwombe mkungu asubiri mpaka mke wako afike.

Datius amepona, na maji yameshuka kidogo, anasema anaweza kunivusha nikikaa katikati ya mtumbwi bila kutikisika. Watoto nawaacha kwa mama yangu. Nilitaka kumpa ruhusa Klaudia, nataka mjue hilo. Nilikaa na barua yake, nikamwonea huruma kweli, nikachukua kalamu. Halafu nikaona mkono wako unamkabidhi nguo, na yeye anaipokea kwa mikono miwili amepiga magoti, kama ninavyopokea mimi. Nikaivunja kalamu. Siwezi. Mungu aniwie radhi, afadhali mafuriko yaje mpaka Kashozi.

Klaudia, kaanga senene wengine uwafunike. Usimpe mtu.

Kokuhirwa


Kashozi
9 Januari 1952

Mpendwa Klaudia,

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nimekuwa kichekesho cha Kashozi nzima, na kichekesho hakina nafasi. Datius amesimulia katika kila kilabu cha pombe alichopita. Anasimulia jinsi nilivyoingia kwenye shauri nina matope mpaka kiunoni, nikamwambia mkungu, "Waitu, senene za nyumba hii zimeletwa kwa nyumba yangu, na bado hazijamalizika kuliwa," nikakufunulia bakuli na kuanza kutafuna mbele ya wazee wote. Mwanamke kula senene! Yule mzee mwenye kofia ya manyoya alitema mate na kutoka nje. Nami nikaendelea kutafuna, ingawa zilinikwama kooni, maana tangu utotoni niliambiwa nikionja hata mguu mmoja nitazaa mtoto mwenye kichwa cha senene.

Nilipomaliza nikasema, aliyekula ndiye anayetoa nguo, na aliyekula ni mimi. Nikavua gauni la maua mekundu nililokuwa nimelivaa juu ya lingine, nikakupa. Nikasema kuanzia leo wewe ni mtu wa nyumba yangu, na anayetaka kukutoa kwenye kibanja aje Kashozi tuzungumze, mimi na kaka zangu. Mkungu alicheka akashika mbavu. Lakini alipofuta machozi alisema mjane aliyepewa nguo ana watu wake, na shauri limekwisha. Sura ya Mwijage nitaikumbuka nikiwa mzee.

Wanasema Kokuhirwa kaoa. Kanisani wanawake wananiita "bwana". Waache.

Usidhani nilifanya kwa wema. Nilifanya ili Karugendo asikupe kwa mkono wake. Ningeona mkono wake na wako kwenye kitambaa kimoja ningekufa palepale.

Sasa nina jambo, na nimekosa wa kumwuliza. Amerudi tangu mkesha wa Krismasi. Anakula, anafanya kazi, ameinua migomba iliyobaki. Lakini mvua ikianza anaacha kila kitu, anatoka kibarazani, anasimama anatazama upande wenu mpaka iishe. Nikimwuliza anatazama nini, anasema, "Hakuna." Jana upepo ulivuma mkali, nikamwona anatikisa kichwa na kushika kifua. Nikamwita, hakusikia.

Klaudia, nilikupa gauni mbele ya watu, na wewe nipe ukweli bila watu. Mlango wa kati ulifungwa kila siku? Kuna kitu kingine alichokula kwako? Niambie tu. Nikijua nitalia, halafu nitajua la kufanya. Hivi nilivyo sasa, silali, namhesabia mume wangu hata pumzi.

Kokuhirwa


Ng'ambo ya Ngono
17 Januari 1952

Kokuhirwa,

Leo sitaandika "waitu" wala "Mama Immakulata". Tumeshakula bakuli moja.

Mumeo anatazama paa la shule. Mbao kavu zilichukuliwa na mto, akaezeka kwa mbichi ili watoto wasisomee mvuani, na anajua mbao mbichi hupinda zikikauka na kuachia misumari. Kabla hajaondoka alimwambia katekista, "Likianguka juu ya watoto mimi nitajinyonga." Mwulize. Na umwambie bado limesimama, nimelitazama leo asubuhi kabla sijaandika, pembe moja tu imeinuka kidogo na katekista ameifunga kwa waya.

Sasa hilo la mlango. Ulifungwa kila siku isipokuwa siku moja. Siku hiyo mvua ilikuwa kubwa, bati linapiga kelele mtu hasikii mwenzake, nami niliuacha wazi kwa makusudi, nikakaa nikangoja. Alikuja mpaka mlangoni. Alichungulia kama bati linavuja upande wangu, akasema, "Huku ni pakavu, mama, lala salama," akaufunga yeye mwenyewe, kwa nje, taratibu, asiniamshe. Nilikuwa macho.

Ndiyo ukweli wote. Nilimtaka, hakuona hata kwamba namtaka. Kila jioni nilikaa na karatasi nikaandika habari zako kutoka kinywani mwake, migomba ya Kokuhirwa, kikohozi cha Kokuhirwa, Kokuhirwa akikasirika anavyopiga sufuria. Nilizijua siku zako zote kabla sijauona uso wako. Nilipokuona unaingia na matope yako, unatafuna senene kwa hasira, nikaelewa kwa nini hakuona mlango ulio wazi.

Gauni nimelivaa kanisani Jumapili. Linanibana kifuani, lakini Mwijage alinipisha njiani. Nakushukuru, na nitakushukuru mpaka nife, kwa sababu nyumba hii naifungua na kuifunga mwenyewe.

Ila usiniandikie tena kuniuliza habari zake. Una mume anayekusimulia kwa watu wa ng'ambo, una watoto, una gauni la buluu linakuja, na hapo hapo unakaa hulali kwa wivu. Unamwonea wivu nani? Mimi? Vyote hivyo ni vyako, Kokuhirwa, na sikunyang'anyi kimoja. Huo wivu peke yake niachie mimi.

Klaudia